Santuri ya dola sita na maneno ya mke: "Cat's in the Cradle" wa Harry Chapin

Santuri hii nimeinunua kwa dola sita kwenye duka la mitumba hapa Long Island, New York, si mbali na ninapokaa. Jalada limechanika kona moja, na nyuma kuna jina la mtu liliandikwa kwa kalamu ya wino likafutwa nusu. Ni "Verities & Balderdash" ya Harry Chapin, iliyotoka mwaka 1974 chini ya kampuni ya Elektra. Niliufuata wimbo mmoja tu, ule wa kwanza upande wa kwanza, na ndio ninaouzungumzia hapa, ingawa mwishoni itabidi niuguse na wa nne.

Wimbo huo niliusikia mara ya kwanza kazini. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao: kuwaogesha, kuwapikia, kuhakikisha dawa zimemezwa. Kulikuwa na mzee mmoja, Mungu amrehemu, ambaye kila siku baada ya chakula cha mchana alitaka nimuwekee santuri. Alikuwa nazo nyingi. Hii aliitaka Jumapili tu, na kila Jumapili aligeuza uso kuelekea dirishani mpaka wimbo uishe. Nilidhani anasinzia. Siku moja nikaketi naye nikayasikiliza maneno moja baada ya jingine, na nilipomaliza nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji ili asinisikie.

Kwa ambaye hajausikia, hadithi yenyewe ni fupi. Baba anasimulia. Mtoto kazaliwa, lakini kuna ndege za kuwahi na bili za kulipa, kwa hiyo mtoto anajifunza kutembea baba akiwa hayupo. Anapoanza kusema, anasema akikua atakuwa kama baba yake. Anatimiza miaka kumi, analetewa mpira, anashukuru, anaomba baba acheze naye amfundishe kurusha. Leo hapana, kazi zimenizidi. Mtoto anasema haya, anakwenda zake, na tabasamu halimtoki usoni. Ubeti wa tatu karudi kutoka chuo, kijana mzima, baba anamwomba akae kidogo wazungumze, yeye anataka funguo za gari. Ubeti wa nne baba kastaafu, mtoto kahamia mbali, baba anapiga simu kuomba waonane. Kijana anajibu kwamba angependa sana, ila kazi mpya inamsumbua na watoto wana mafua. Lakini ni vizuri kuisikia sauti yako, baba.

Hadithi ni hiyo tu. Desemba 1974 wimbo huu ulishika namba moja kwenye Billboard Hot 100, chati kuu ya Marekani, na Chapin hakuwahi kuifikia namba hiyo tena maishani mwake.

Mimi ni mtoto wa dereva wa malori. Tumezaliwa na kukulia Tanga, na baba alikuwa akiendesha semi-trela kati ya Dar na Zambia: kwenda na mizigo ya bandarini, kurudi na shaba. Tripu moja ilikula wiki tatu, ikikwama mpakani Tunduma ilifika mwezi na ushei. Alipofika nyumbani alileta vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, mchele wa Mbeya, na kitenge cha mama kutoka ng'ambo ya mpaka. Analala siku mbili. Siku ya tatu tunasikia maji yanamwagwa uani alfajiri, tunajua anaondoka. Nilikuwa na baiskeli aliyoninunulia mwenyewe, na nilimtaka yeye ndiye anifundishe. "Safari ijayo, mama," alikuwa akiniambia hivyo, maana baba zetu wa Tanga binti zao huwaita mama. Nilifundishwa baiskeli na utingo wake, siku ambayo baba alilala mpaka adhuhuri.

Kwa hiyo mtu aniambie wimbo huu ni wa Wamarekani na nyumba zao za bustani, sitamwelewa. Neno ninalolisikia mle ni "safari ijayo".

Sasa muziki wenyewe. Unaanza na gitaa linalodonolewa waya mmoja mmoja, polepole, na juu yake kuna mlio mwembamba wa waya wenye ladha ya Kihindi ambao masikio ya mtu wa pwani yanaupokea bila shida. Sauti ya Chapin si ya malaika. Ni nzito na ina ukavu kidogo, sauti ya mtu anayekueleza jambo akiwa ameegemea mlango, na kwa maneno haya hiyo ndiyo sauti inayofaa. Angeimba mtu wa sauti tamu, tungesikiliza utamu tukasahau mtoto. Ngoma zinasubiri, haziingii kwa pupa. Kila ubeti muziki unaongezeka kidogo, na ala za waya zile za kupigwa kwa upinde zinapanda nyuma kama maji yanavyojaa ufukweni: hukuyaona yakija, mara miguu imelowa. Dakika tatu na sekunde arobaini na kitu, mtu kazaliwa, kakua, kawa baba, na babaye kazeeka. Mtayarishaji alikuwa Paul Leka, na ninamsifu kwa jambo moja hasa: hakuuharakisha.

Sikiliza kwa makini kinachotokea kwenye kiitikio. Beti mbili za kwanza, anayeuliza ni mtoto: baba, utarudi lini? Na baba hajui lini, ila wakikutana watafurahi sana. Baada ya ubeti wa tatu muziki ni ule ule, na maneno karibu ni yale yale, lakini anayeuliza sasa ni baba, na asiyejua lini ni mtoto. Kwenye swali, neno "baba" limekuwa "mwanangu". Mara ya kwanza unaweza kupitwa. Ukiligundua, hutausikia tena wimbo huu kama ulivyousikia mwanzo.

Kiitikio hicho hicho kina kinachotatiza sikio la mgeni. Kinataja paka ndani ya susu, kijiko cha fedha, mvulana wa buluu na mtu aliyemo mwezini. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mkongo wa Bukavu, aliniuliza, "Dada, huyo paka anatafuta nini?" Nikamweleza kwamba yote hayo ni mambo ya utotoni kwao. Jina la wimbo linatokana na mchezo wa uzi unaofungwa duara na kunyoshwa vidoleni, mwenzako anaupokea kwa vidole vyake unageuka umbo jingine. Sisi tuliucheza na uzi wa kufumia wa mama. Mvulana wa buluu yumo katika nyimbo zao za watoto, na kijiko cha fedha ni kwa anayezaliwa kwenye neema. Kwa hiyo baba anaposema hana nafasi, nyuma yake vinapita vitu vya kuchezea ambavyo mtoto ameshaviacha. Mchezo ule wa uzi hauchezwi na mtu mmoja, na nadhani ndiyo sababu wakauchagua.

Jambo lililonifanya niandike haya yote ni kwamba maneno si ya Harry. Yameandikwa na mkewe, Sandra, ambaye wengi humwita Sandy. Lilikuwa shairi lake. Kabla ya Harry, Sandy alikuwa ameolewa na mtoto wa John Cashmore, mwanasiasa aliyeiongoza Brooklyn, sehemu ya jiji la New York, kwa miaka mingi, na alichokiona kati ya mumewe yule wa kwanza na babaye ndicho kilichomtia kalamu mkononi. Akaliandika. Akampa Harry. Harry hakulishughulikia. Alipopata mtoto wa kiume, Josh, mwaka 1972, ndipo akalirudia lile shairi na kulitungia muziki.

Hebu tulia hapo. Mwanamke kakaa nyumbani na watoto, ambao mwishowe walifika watano, watatu wa ndoa ya kwanza na wawili wa Harry. Mume yuko njiani, maana Harry alikuwa akipiga maonyesho kama mia mbili kwa mwaka. Mwanamke anaandika shairi kuhusu baba asiyekuwepo, anamkabidhi mume asiyekuwepo. Mume analisoma na haoni kinachomhusu. Baadaye analiimba yeye, kwa "mimi", dunia nzima inalia, na wimbo unamwongezea mialiko ya kwenda mbali zaidi.

Na kwenye wimbo mama hayupo kabisa. Hata mara moja hatajwi. Nani aliyemwona mtoto akisimama kwa mara ya kwanza? Baba hakuwepo, kasema mwenyewe, lakini hatua ile ilishuhudiwa. Wapo watakaosema huo ni upungufu. Mimi nilikubaliana nao miezi michache, siku hizi sikubaliani nao. Mama ndiye anayetazama. Kila kitu mle ndani, mpira, tabasamu lisilofifia, funguo za gari, kimeonwa na mtu aliyekuwa nyumbani. Baba wa ubeti wa pili hakulitazama tabasamu la mtoto kwa muda wa kutosha kuona kwamba halikufifia. Aliyeliona ni mama, akamwazima baba macho yake.

Mama yangu naye hakuwa na shairi. Alikuwa na sentensi moja: "Baba yenu anatafuta." Tukilalamika, anatafuta. Sikukuu ikifika hayupo, anatafuta. Niliposhika namba tatu darasani na yeye yuko Makambako gari limeharibika, anatafuta. Ilikuwa kweli, ada ililipwa, hatukulala njaa. Na hapa ndipo ninapoudai wimbo kitu. Unamhukumu baba haraka. Unataja bili kama kisingizio tu, kana kwamba bili zinajilipa. Chapin ni mtu wa New York, na baba wa wimbo huu anaonekana ni mtu wa ofisi wa kupanda ndege, mwenye gari la kumwazima mtoto. Baba yangu hakuwa na cha kuchagua kati ya mpira na kazi. Natamani kungekuwa na mstari mmoja wa kumpa huyu mwanaume haki yake.

Dosari nyingine ni ya ufundi. Simu inapokatwa, mwishoni kabisa, baba anatuambia waziwazi kwamba mtoto amekuwa kama yeye, tena anarudia. Tulishaelewa. Tulielewa pale kiitikio kilipogeuka. Ningekuwa mimi ningeishia kwenye mlio wa simu kuwekwa chini na lile gitaa. Mzee wangu wa Jumapili, nadhani, angekataa, kwa sababu midomo yake ilicheza pale pale kwenye mistari hiyo. Nimekubali kwamba wapo wanaohitaji kuambiwa.

Ukitaka kuununua, kuna njia nyingi. Kwenye simu unapatikana ukiwa msafi, kila waya unausikia. Kuna santuri ya 1976, "Greatest Stories Live", ambamo anauimba mbele ya watu, na yapo mazungumzo yake jukwaani yanayokuonyesha alivyokuwa mtu wa watu. Kuna pia bendi ya roki nzito, Ugly Kid Joe, waliourudia ukaingia kumi bora ya Marekani mwaka 1993. Vijana wengi wanaujua kwa sauti hiyo. Nimeusikiliza mara mbili, gitaa lao lina hasira, na mimi kwenye wimbo huu sisikii hasira popote, hasa kwa mtoto. Narudi kwa Chapin.

Santuri yangu ina kasoro ambayo muuzaji alinihakikishia haipo. Ubeti wa tatu una mkwaruzo. Baba anasema anajivunia kijana wake, anamwomba akae, na hapo sindano inaruka na kutua kwenye funguo za gari. Jibu la kichwa kinachotikiswa sijawahi kulisikia kwenye nakala hii. Mtu unaomba kukaa na mwanao, tayari kaondoka. Nililalamika dukani, wakasema mauzo ya mtumba hayarudishwi. Kwa hiyo kagua santuri kwenye mwanga kabla hujatoa pesa, iinamishe taratibu, mkwaruzo wa kweli utauona unang'aa. Wimbo naupa nyota nne na nusu. Nakala yangu tatu.

Nilisema nitaugusa wimbo wa nne. Unaitwa "30,000 Pounds of Bananas" na unahusu ajali ya kweli: mwaka 1965 lori lililosheheni ndizi lilishindwa breki kwenye mteremko wa kuingia mji wa Scranton, Pennsylvania, na dereva akafa. Uzito huo ni zaidi ya tani kumi na tatu. Chapin anauimba kwa kasi na kwa mzaha, na kwenye maonyesho watu walikuwa wakiucheka na kuushangilia. Mimi siwezi kuucheka. Kila mara naona Kitonga, ule mteremko mkali kwenye njia ya baba. Naona mama akikaa karibu na redio ya betri taarifa ya habari inaposomwa, mkono wake juu ya mdomo, mpaka watoke kwenye habari za ajali. Santuri moja imebeba nyimbo mbili za wanaume walioko njiani, wa kwanza tunaulilia na wa nne tunauchekea, na sijui Sandy alikuwa akiusikiliza vipi ule wa nne.

Najiuliza hivyo kwa sababu ya 16 Julai 1981. Siku hiyo Harry Chapin alikuwa akiendesha gari lake kwenye barabara kuu ya Long Island, akienda kupiga onyesho la bure Eisenhower Park, East Meadow. Karibu na Jericho lori liligonga gari lake kwa nyuma, na gari lake likashika moto. Dereva wa lori na mpita njia mmoja ndio waliomtoa, wakaukata mkanda na kumpitisha dirishani. Hakupona. Alikuwa na miaka 38. Josh alikuwa bado hajatimiza miaka kumi, ile ya mpira.

Barabara hiyo ndiyo ninayopita kwenda kazini, na jukwaa la kando ya ziwa pale Eisenhower Park sasa lina jina lake. Karibu nusu ya maonyesho yake alikuwa akipiga kwa ajili ya kuchangisha, zaidi kwa wenye njaa. Mwaka 1975 alianzisha pamoja na Bill Ayres taasisi ya kupambana na njaa ambayo leo inaitwa WhyHunger, na hapa kisiwani aliacha Long Island Cares, inayogawa chakula kwa wasio nacho mpaka leo. Kwa hiyo naye alikuwa anatafuta, na alichokitafuta kilikuwa cha watu wengi. Hilo haliurudishi ubeti wa pili. Nimeliweka hapa kwa sababu ni haki yake, ile niliyosema wimbo wenyewe umemnyima baba.

Mwezi uliopita nilimpigia baba. Ana miaka 79, yuko Tanga, miguu inamsumbua, kichwa ni kizima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Kwema huko?"

Kwa kawaida tunaishia karibu na hapo: dawa, mvua, salamu kwa wajukuu. Siku hiyo sikuwa na zamu. Nikamwambia nataka asikilize kitu, nikaweka simu kwenye spika ya santuri, kisha nikamrudishia maneno kwa Kiswahili, ubeti kwa ubeti. Niliogopa. Nilidhani atadhani namsema.

Alikaa kimya, halafu akauliza, "Huyo mtoto hana mama?"

"Anaye, baba. Hatajwi tu."

"Mbona hatajwi, na ndiye aliyekuwa nyumbani?"

Nikamweleza kwamba maneno yameandikwa na mwanamke, mke wa yule anayeimba.

"Ahaa," akasema. "Basi alikuwa anamwambia mumewe."

Mama amefariki miaka sita sasa. Hatukusema lolote kwa muda. Santuri ilikuwa bado inazunguka, ikafika kwenye lori la ndizi, akasikia kasi ya muziki akauliza na huo unahusu nini. Nikamweleza: Scranton, mteremko, tani kumi na tatu, breki.

"Alikuwa gia ya ngapi?"

Nikasema wimbo hauelezi.

"Mlima unashukwa kwa gia uliyoupandia," baba akasema. "Ukiweka kubwa ukategemea breki, zitachemka, na zikichemka umekwisha." Akaanza kunisimulia usiku mmoja Kitonga, tela limejaa shaba, mvua, na mwenzake aliyekuwa mbele yake kwa mita mia mbili akiwasha taa za hatari. Jina la mwenzake huyo sikuwahi kulisikia. Utingo aliyenifundisha baiskeli, kumbe, alikuwemo ndani ya gari.

Upande wa kwanza uliisha. Sindano ikawa inazunguka katikati ya santuri ikikwaruza taratibu. Sikuinuka kuitoa. Alikuwa bado hajafika Ruaha Mbuyuni.